Tunasoma Uchambuzi, Vitabu Tumeviacha

Nina ugomvi na neno moja, nalo ni "uchambuzi". Sigombani na wahakiki, maana mtu aliyesoma vitabu mia kisha akatueleza kimoja kinavyofanana au kinavyopingana na kingine ametufaa sana. Ninachogombana nacho ni kile kijitabu chembamba kinachouzwa katika maduka ya vifaa vya shule Njombe mjini, na kutandazwa kwenye meza za wachuuzi karibu na stendi ya Makambako, katikati ya chaja za simu na soksi. Kijitabu hicho humwahidi mwanafunzi wa kidato cha nne kwamba akikikariri hatakuwa na haja ya kukisoma kitabu chenyewe. Na ahadi hiyo ni ya kweli. Hana haja. Ataingia katika chumba cha mtihani, ataandika, na atafaulu.

Ndugu msomaji, kama una mtoto sekondari, mwombe daftari lake la Kiswahili ulifungue mahali palipoandikwa "Fani na Maudhui". Utakuta kila kitabu kimekatwa vipande vilevile: dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa, msimamo, wahusika, mtindo, muundo, mandhari, matumizi ya lugha, jina la kitabu, na mwisho kabisa kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Riwaya ndefu na tamthiliya ya kusomwa kwa saa moja zimepewa vyumba sawa, kama nyumba za kota. Kile kipengele cha mwisho ndicho kinachonichekesha na kunichoma kwa pamoja. Mtoto wa miaka 16, ambaye hajawahi kukishika kitabu mkononi, anamkalia mwandishi hukumu: "Mwandishi hakufaulu kwa sababu ametaja matatizo bila kutoa suluhisho." Sentensi hiyo nimeikuta chini ya vitabu vitatu tofauti katika daftari moja. Mwandishi angeyatoa wapi masuluhisho hayo? Riwaya si barua ya mkuu wa wilaya.

Mimi nimesoma hadi darasa la nane, darasa lile la zamani, na kazi yangu imekuwa kuuza mbao Makambako. Kwetu hasa ni Njombe, kilomita zipatazo 60 kwa barabara ya Songea, ambako mwezi Juni na Julai baridi humfanya mtu ajifungie ndani mapema, na ukishajifungia una mambo mawili tu ya kufanya, kulala au kusoma. Kwa miaka mingi nimechagua la pili. Kwa hiyo dukani nina kabati la vitabu nyuma ya daftari za mauzo, na watoto wa jirani wamezoea kuja. Ndipo nilipoijua hali hii.

Kuna binti mmoja aliyekuja akijiandaa na mtihani. Alikuwa akihangaika na Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo, kitabu ambacho kwa miaka mingi kimekuwa katika orodha ya vitabu vya kidato cha tatu na cha nne. Ni hadithi ya mama anayeuza chakula Dar es Salaam, na watoto wake, Peter na Zita, wanaofukuzwa shule kwa kukosa ada na sare. Binti alinitajia dhamira sita bila kusita: umaskini, malezi, ulevi, nafasi ya mwanamke na nyingine. Sasa, mama yake huyo binti anauza wali na maharage kwa abiria wa mabasi, hatua chache kutoka dukani kwangu. Namfahamu, ananiletea chakula cha mchana. Nikamwuliza, "Ulipomsoma mama yule, ulimkumbuka nani?" Akatazama daftari lake, akageuza ukurasa, akarudi nyuma. Kisha akasema kwa adabu kabisa, "Hilo halimo, babu."

Halimo! Mtoto amepewa kitabu kinachomtazama usoni, na sisi tumemfundisha asitazamane nacho.

Kwa kuwa nimewashutumu wengine, ni haki nieleze mimi nasomaje, ili atakayenicheka anicheke akiwa na ushahidi. Nasoma kama mtu anayesikiliza mgeni. Namkasirikia, nabishana naye, wakati mwingine namfukuza nikamwita tena kesho yake. Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951, nilikisoma kwa hasira. Wajumbe sita wanatumwa pande sita, kila mmoja anakwenda kwa taabu, anaona mambo mema ya nchi nyingine, anarudi kuyaeleza, na shukrani anayoipata ni gereza. Kila mjumbe alipofungwa nilikuwa nikikifunga kitabu, nikatoka nje kuvuta hewa. Uchambuzi unasema mwandishi alikuwa akiupiga vita ukoloni kwa mafumbo, na sina sababu ya kubisha. Lakini mimi sikumwona Gavana wa Kiingereza. Nilikiona kikao cha kijiji nilichokijua, ambacho kijana akitoka mjini na wazo jipya la kupanda miti au kuuza viazi kwa ushirika huulizwa kwanza baba yake ni nani. Na Karama, yule mshitakiwa, nilimwona mvumilivu kupita kiasi. Siku sita za kuhutubia watu waliokwisha kuamua! Mtu mwingine atauita uvumilivu huo fadhila. Tubishane.

Huyohuyo Shaaban Robert, ninayemheshimu kuliko mwandishi yeyote wa lugha yetu, alinichosha katika Utubora Mkulima. Utubora anaacha kazi ya mjini, anakwenda kulima Busutamu, na shamba linampa raha ya nafsi. Jamani, mkulima gani huyo? Hakuona ukungu wa viazi ukimaliza shamba kwa wiki moja. Hakumwona dalali akisimama juu ya gunia, akilikanyaga na kulishonea kilemba cha lumbesa hadi lipite kipimo halali, kisha akalilipia kama gunia moja. Wakulima wa Njombe wangemshika Utubora mkono wakampeleka sokoni Jumamosi moja tu. Sasa nitafutie uchambuzi unaomruhusu mtoto wa mkulima wa viazi kuandika hivyo katika mtihani na akapata alama. Ataambiwa ametoka nje ya swali.

Kitabu kilichonifundisha kusoma polepole ni kile kirefu cha Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Kitereza alikiandika kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata wa kukichapa. Akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, miaka 35 baada ya kuandikwa. Mwaka uliofuata mzee akafariki. Kisa chenyewe ukikieleza kwa mtu wa haraka kinaishia hapa: mume na mke hawana mtoto, ndugu wa mke wanamchukua binti yao, mume anakwenda kumwomba arudishwe, anatakiwa apeleke pombe ya ndizi. Lakini kabla pombe haijafika umeshajua ndizi zinavyoivishwa, watu wanavyosalimiana, nani anakaa wapi, mkwe anaongeaje na mkwe, mvua inanyesha vipi, na wagonjwa wanatibiwa kwa majani gani. Mwanzoni nilikuwa nikiruka kurasa. Kisha nikagundua kwamba mzee hakuwa na haraka kwa sababu aliokuwa akiwaeleza walikuwa wakifa, na kila alichokiruka kingezikwa nao. Nikarudi nyuma nikasoma zile nilizoruka. Huku kwetu hatuna pombe ya ndizi, tuna ulanzi wa mianzi, nao una adabu zake: nani anagema, nani anaonja kwanza, mgeni anapewaje. Nilipomaliza kitabu nilijiuliza ni nani aliyeyaandika hayo ya kwetu kwa utulivu ule. Kitabu hicho hakichambuliki kwa nukta tano. Labda ndiyo maana sikioni kwenye meza za stendi.

Ninavyojua, wasomi watasema huyu mzee anataka watoto wasome mambo magumu tu. La hasha. Makambako ni njia panda. Malori ya kwenda Zambia na Kongo yanapita hapa, reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 inapita hapa, na wanaolala hapa kusubiri vipuri ni madereva na matingo. Hao nimewaona kwa macho yangu wakisoma. Walikuwa wakisoma Willy Gamba wa Elvis Musiba: Kufa na Kupona, Kikosi cha Kisasi, Njama. Walisoma vitabu hivyo hadi majalada yakatoka, wakavishona kwa uzi wa magunia. Vyuoni vikaitwa "riwaya pendwa", na jina hilo wakati mwingine hutamkwa kama mtu anayetaja ugonjwa. Lakini hebu fikiri. Willy Gamba anapambana na makaburu na vibaraka wao katika miaka ileile ambayo Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na ofisi Dar es Salaam, na reli hii ilikuwa imejengwa ili Zambia isitegemee njia za watawala wa kusini. Tingo aliyelala chini ya lori lake Makambako akisoma Musiba alikuwa ndani ya hadithi ile kwa miguu yote miwili. Hakuna mtu aliyemwuliza mtindo wala muundo. Alisoma kwa kuwa alitaka kujua kitakachotokea, na ukiniuliza mimi, haja hiyo ndiyo mama wa kusoma kote.

Mabepari wa Venisi, aliyoifasiri Mwalimu Nyerere mwaka 1969, niliisoma nikiwa na deni, na sitaki kusema zaidi ya hivi: watu wote wanacheka Shailoki anaposhindwa, mimi sikucheka. Anayejua mikopo ya mitaani, hii wanayoiita kausha damu, anajua kumchukia mkopeshaji. Hata hivyo kuna jinsi wale mabwana wanavyomtemea mtu mate asubuhi na kumkopa jioni ambayo haikunipendeza. Ni kitabu kinachokuacha huna pa kusimama, na mwanafunzi anayetakiwa aandike "msimamo wa mwandishi ni wa kimapinduzi" au "si wa kimapinduzi" nitamwonea huruma.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limenifanya niandike.

Katika orodha hiyohiyo ya sekondari kimekuwamo Takadini cha Ben Hanson, kisa cha Zimbabwe. Sekai, mke aliyekaa muda mrefu bila mtoto, anajifungua mtoto mwenye ualbino. Mila inataka mtoto auawe. Mama anambeba usiku na kukimbia. Kitabu kimesomwa, au tuseme kimekaririwa, na vijana wa Tanzania katika miaka ambayo tangu 2006 na 2007 watu wenye ualbino walikuwa wakiuawa na kukatwa viungo katika nchi yetu, hasa Kanda ya Ziwa. Nilikisoma kwa usiku mmoja. Nilikuwa nikimhimiza Sekai akimbie zaidi.

Kisha ikaja Njombe. Mwezi Januari na Februari mwaka 2019 watoto wadogo walitekwa na kuuawa hapa kwetu, baadhi wakiwa wamekatwa viungo, na Serikali ikayahusisha mauaji hayo na imani za kishirikina. Sitayaeleza. Waliofiwa ni majirani zetu. Nitasema tu kwamba ilifika mahali mzazi hawezi kumtuma mtoto dukani, na asubuhi ulikuwa ukiona watu wazima wanawasindikiza watoto shule wakiwa kimya, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho. Wiki zilezile nilikuwa na kijana dukani anajisomea. Katika daftari lake, chini ya Takadini, palikuwa pameandikwa: "Dhamira ya pili: mila potofu na ushirikina. Mwandishi amefaulu kuonyesha madhara ya ushirikina katika jamii." Alikuwa akiisoma sentensi hiyo kwa sauti, ameifumbia macho, akihesabu kwa vidole asisahau hoja. Nje, mama mmoja alikuwa akimwita mwanawe kwa jina, mara ya tatu au ya nne, na sauti yake ilikuwa imeanza kupasuka. Kijana hakuinua kichwa.

Simlaumu kijana. Amefundishwa kwamba kilichomo kitabuni kiko kitabuni. "Jamii" inayotajwa katika uchambuzi haina kijiji, haina stendi, haina baridi, haina mama anayeita.

Jioni ile nilichomoa kabatini Mirathi ya Hatari cha C. G. Mung'ong'o, cha mwaka 1977, nikampa. Ni kisa cha kijana msomi anayerithishwa uchawi na baba yake, kama mtu anavyorithishwa shamba au ng'ombe. Mimi niliposoma mara ya kwanza niliisikia hewa ya milima yetu katika kila ukurasa. Mung'ong'o hasimami mbali akatuambia ushirikina ni mbaya. Anakuingiza ndani ya nyumba, anakukalisha karibu na moto, na unaona jinsi mtu mwenye akili timamu, aliyekwenda shule, anavyokubali hatua kwa hatua kitu ambacho mchana angekicheka. Unatoka umeogopa, na unayemwogopa zaidi si mchawi wa jirani. Kijana alikirudisha baada ya siku nne. Hakuniambia dhamira hata moja. Aliniuliza, "Babu, hivi mimi ningekataa?" Tulikaa hadi saa mbili usiku.

Sidai kwamba kitabu kingezuia mauaji yale. Muuaji hazuiwi na riwaya. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho, na hakigharimu chochote: kwamba katika shule zote za mkoa huu, wiki zile, vilikuwamo vitabu ambavyo vingewapa watoto na walimu maneno ya kusema walichokuwa wakikiogopa, navyo vilikaa kimya kwa sababu tulikuwa tumeshavigeuza kuwa hoja tatu kwa kila riwaya.

Najua jibu la walimu, na baadhi yao ni marafiki zangu. Watasema: mzee, darasa lina wanafunzi wengi, nakala ni mbili au tatu, silabasi ni ndefu, na mtihani utauliza hoja. Hayo yote ni kweli. Ila kuna zamani fulani mnaisahau. Radio Tanzania ilikuwa na kipindi cha Mama na Mwana, Debora Mwenda akisimulia hadithi, na nchi nzima ilisikiliza mdomo mmoja. Nakala ilikuwa moja! Watoto wangu walikuwa wakikaa chini, sahani mkononi, chakula kikipoa. Mwalimu mwenye nakala moja ya Takadini anaweza kuisoma kwa sauti darasani, kurasa kumi kwa siku, na kabla muhula haujaisha wamemaliza kitabu kizima, wote pamoja, wakiwa wamecheka na kunyamaza mahali pamoja. Hoja wataziona wenyewe. Mtoto aliyekisikia kitabu hashindwi kuandika hoja tatu, na aliyekariri hoja tatu hawezi kuandika ya nne. Waulizeni wanaosahihisha.

Na wale wanaopenda kusema, hasa wakiwa kwenye semina, kwamba ukitaka kumficha Mtanzania kitu kiweke kitabuni, ningependa watuonyeshe kwanza kitabu wanachokisema. Mwaka 2005 mwanahistoria wa Kimarekani, James Giblin, alitoa kitabu juu ya Njombe kiitwacho A History of the Excluded. Humo mna wazee wa huku, ndoa zao, safari zao za vibarua, jinsi walivyoifanya familia kuwa kimbilio serikali ilipowaelemea. Nilikipata kwa kuazima, nikakisoma kwa kamusi na kwa msaada wa mtu anayekijua Kiingereza vizuri, kwa miezi mingi. Hakina uchambuzi wa stendi, kwa hiyo ilinilazimu nikisome. Nilifurahi kama mtu aliyeona picha ya marehemu ndugu yake mahali asipotarajia, na nilikasirika palepale, kwa kuwa wazee waliosimulia mambo yale, wengi wao, wasingeweza kuyasoma maneno yao wenyewe katika lugha waliyoandikiwa. Nani alimficha nani hapo?

Kabati langu liko wazi kuanzia saa nne asubuhi, isipokuwa Jumapili. Anayeazima haandiki jina wala haachi rehani. Sharti ni moja, nimelibandika juu ya mlango wa kabati kwa kalamu nene: ukirudisha, niambie palipokuudhi. Wengi hurudisha. Kufa na Kupona ilichukuliwa mwaka juzi na tingo wa lori la Zambia na haijarudi. Sijaidai, maana nasikia ilionekana Tunduma, mikononi mwa mtu mwingine.